Njia ya Jomvu Isiyo Njia

Upumbavu wa kwanza ulikuwa wangu, na naukiri mapema kabla hajatokea mwengine wa kuukiri kwa niaba yangu. Nilimwambia mama kwamba maji si njia. Nilisema kwa mzaha, mdomo umejaa mkate wa sinia, na nyumbani kwetu mzaha wangu huwa umesahauliwa kabla chai haijapoa. Siku hiyo mama hakucheka wala hakunifukuza. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Hebu rejea," akasema.

"Maji si njia, mama. Njia hukanyagwa. Maji nani ayakanyaga?"

Akawa anafikiri. Mama akianza kufikiri mimi huwa naondoka. Sikuondoka, na huo labda ndio uliokuwa upumbavu wa pili.

Sasa nieleze ugomvi, maana bila ugomvi haya yote yataonekana ni wazimu, na pamoja na ugomvi yataonekana ni wazimu wenye sababu. Mama huuza leso katika duka moja la Biashara Street, Mombasa. Wengine huziita kanga. Ameziuza tangu mimi sijaanza shule, na kila leso iingiayo dukani huyajua maneno yake kuliko nijuavyo mimi sura za kitabu chochote nilichowahi kupewa na serikali. Mteja akiingia akasema, "Nataka ya kumwambia wifi yangu anyamaze, lakini kwa adabu," mama hunyoosha mkono nyuma bila kugeuka akaitoa.

Mama ana dada mmoja tu, mkubwa kwake, aishiye Jomvu walikozaliwa. Mimi namwita mama mkubwa. Miaka miwili nyuma alikuja kwetu Mji wa Kale kutibiwa macho. Alikuja kwa siku tatu akakaa wiki tano. Alipoondoka mama alimfungia zawadi ya leso, doti nzima, vipande vyote viwili. Mama mkubwa akafika kwake, akavaa miwani mipya, akaifungua ile leso, na kitu cha kwanza ambacho macho yale yaliyotibiwa yalikiona vizuri kilikuwa ni jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa chini. Silitaji hapa, kuna watu bado wanaumwa nalo. Itoshe kusema lilimhusu mgeni, tena lilimwonesha mgeni mlango ulipo.

Simu ikalia kwetu jioni ile ile. Nilisikia upande mmoja tu, lakini upande ule ulitosha.

"Sikulisoma, dada. Nilichukua iliyokuwa juu."

Akasikiliza.

"Nakwambia sikulisoma."

Muuza leso asiyesoma leso ni kama kinyozi asiyeona nywele, na nadhani maneno ya aina hiyo ndiyo yaliyokuwa yakisemwa upande wa pili. Mwisho mama akasimama. Mama hasimami akizungumza na simu ila kuna jambo.

"Basi wallahi, njia ya kwako siikanyagi tena."

Na mama mkubwa naye, tulivyokuja kujua, akaapa kwamba mlango wetu hataugusa. Yakapita miaka miwili. Harusi zikaliwa, maziko yakazikwa, na wale ndugu wawili wakawa wanaonana nyumba za watu wengine, wamekaa pembe mbili za ukumbi kama magoli ya uwanja, sisi watoto tukikimbia katikati na salamu.

Mtoto yeyote aliyepita madrasa anajua kiapo kina kafara yake: hulishwa maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Nilimkumbusha mama.

"Kafara ni ya aliyekosa," akanijibu. "Mimi nimekosa nini?"

Nilikuwa na jibu. Lakini alikuwa anakoroga uji, na mwiko ulikuwa mkononi mwake.

Kisha ikaja habari kwamba mama mkubwa anahamia Maskati kwa binti yake, moja kwa moja. Tikiti imekatwa, zimebaki wiki mbili na siku kidogo. Mama aliipokea habari hiyo kwa kusugua masufuria. Alisugua yaliyochafuka, akasugua yaliyo safi, akasugua na lile moja ambalo bado lilikuwa na karatasi ya bei. Na asubuhi iliyofuata ndipo mimi, nikitaka tu kumchekesha, nikatoa ile fatwa yangu ya mkate wa sinia.

Jomvu, kwa asiyejua, iko bara, lakini maji yanafika. Mkono wa bahari unaopita nyuma ya kisiwa chetu unaingia ndani, unapinda baina ya mikoko, na mwalimu wa jiografia anasema usiitwe mto. Watu wa kule wanauita mto tangu kabla mwalimu hajazaliwa. Ni mzuri kuutazama, hilo halina ubishi. Wageni hulipa kupelekwa. Sisi tungejipeleka wenyewe.

"Tutachukua mtumbwi na mtu wake," nilisema.

"Hatuchukui mtu," mama akasema. "Kila mwenye mtumbwi Tudor ana shangazi yake Jomvu. Hatutakuwa tumefika katikati, huko washajua nimevaa nini."

Hivyo ndivyo nilivyopewa unahodha, mimi wa kidato cha tatu, ambaye uzoefu wangu wote wa baharini ulikuwa ni feri ya Likoni, ambayo niliipanda mara nyingi na sikuanguka hata mara moja. Niliandika mpango nyuma ya daftari la hesabu, ukurasa mzima, kwa kalamu mbili. Palikuwa na mchoro wa mto, nilioutoa kwenye simu na kuupamba kwa samaki. Palikuwa na sehemu ya chakula, iliyokuwa ndefu kuliko zote. Palikuwa na sehemu ya hatari, ambayo naikumbuka yote: mamba, hakuna, papa, hatujui, mama, yupo.

Nilihitaji mtu wa kafi la pili. Nikamchagua rafiki yangu wa darasani kwa sifa moja tu, kwamba hana jamaa Jomvu. Babu yake alitoka Gujarati, baba yake anauza misumari na rangi, na ukoo wao wote unaanzia Biashara Street na kuishia Kizingo, ambako hata dukani watu huenda kwa gari.

"Mimi nitakuwa nani katika safari hii?" akaniuliza.

"Injini."

"Na wewe?"

"Mimi nafikiri."

"Basi tutazama," akasema, lakini akakubali, na tena akaazima kwa ami yake majaketi matatu ya kuelea, ya rangi ya machungwa.

Mtumbwi tuliupata Tudor kwa bwana mmoja mnene, aliyevaa fulana ya mpira iliyokuwa imemshinda tumboni. Alikuwa akiziba ufa wa mtumbwi mwengine na hakuacha kazi yake kwa ajili yetu.

"Mwaenda kufanya nini huko?"

"Mradi wa shule, mzee."

"Mradi wa nini?"

"Mikoko."

"Mikoko imefanya nini?"

"Ndiyo twenda kuangalia."

Akaguna. "Lini?"

"Jumapili hii."

Akahesabu siku za mwezi kwa vidole, midomo ikitikisika. "Jumapili hii ni mwezi kumi na saba. Bamvua hiyo. Msende. Ngojeni Jumapili ya pili, mwende maji mafu."

Sasa hapa nataka msomaji anihurumie kidogo. Mimi ni mtoto wa mjini. Maji nayajua ya mfereji. Nilisikia mtu mzima, uso umetulia kabisa, akiniambia nimpeleke mama yangu mtoni siku ya maji mafu. Mafu. Nikaona mara moja maji yamejaa maiti. Nilikuwa nimeshasikia watu wakisema mto ule huchukua watu, sikujua tu kwamba una siku zake za kuwatoa. Na bamvua, hebu litamke mwenyewe: bamvua. Lina ngoma ndani. Ni neno la kuvalia kanzu mpya. Nikajua huyu bwana Jumapili hii ana mteja mwengine, anataka kutusogeza kwenye siku yake mbovu.

"Sisi tutakwenda bamvua," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya ngalawa.

Akaacha kuziba, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mwajua kupiga kafi?"

"Sana."

"Haya, ni juu yenu. Mtumbwi wangu ukikwama, kaeni nao. Asiuwache mtu."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, "Mzee amesema Jumapili hii ndiyo yenyewe." Na mama, ambaye kwa miaka yote ile ya Jomvu alilala akisikia maji yakija na kutoka, alikuwa na mambo mengine kichwani. Akasema alhamdulillahi, hakuuliza mwezi ngapi.

Jambo alilokuwa nalo kichwani lilikuwa ni leso. Alitaka kumpelekea dada yake leso ya safari, na safari hii isiwe na shaka. Alileta nyumbani tatu akazitupa zote. Ya nne ilikuwa na dua tu, ya kumtakia msafiri heri. Alinisomesha kwa sauti. Akamsomesha jirani. Rafiki yangu alipokuja kuleta majaketi akasomeshwa naye mlangoni, viatu bado mguuni.

"Hakuna maana nyengine?" mama akamuuliza.

"Hakuna, mama."

"Mtu akiwa na roho mbaya akaitazama?"

Rafiki yangu akaitazama kwa roho mbaya kadiri alivyoweza. "Hata hivyo."

Jumapili tulifika Tudor jua ndiyo kwanza linapanda. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, yamelala kimya, na mimi nikamwonesha mama kwa mkono kana kwamba nimeyajaza mwenyewe. Mama alivaa jaketi lile la machungwa juu ya buibui.

"Nafanana na nini?" akauliza.

"Boya," nikasema.

Rafiki yangu akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

Yule bwana mnene alitutazama tukiingia, akamtazama mama kwa muda, pengine akijiuliza ni somo gani huyu anasoma. Tukaondoka. Ni haki kusema hatukuondoka kwa mstari. Rafiki yangu akipiga kafi upande wake tunaelekea Nyali, nami nikipiga wangu tunarudi tulikotoka, na mama katikati ameshika kikapu cha mahamri na leso iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Lakini kidogo kidogo tukazoeana, na baada ya kona ya kwanza mji ukapotea. Ikabaki mikoko pande zote, na samaki wakiruka, na ukimya ambao Mombasa sijapata kuusikia hata siku ya sikukuu.

Mama akaanza kuzungumza. Si kawaida yake. Akatwambia nyanya yake alikuwa akipita hapa hapa na vyungu vya kuuza mjini, mtumbwi umejaa mpaka ukingoni, na hakupata kuvunja hata kimoja.

"Alikuwa na injini gani?" nikauliza.

"Alikuwa na adabu," mama akasema.

Akatwambia yeye na dada yake walikuwa wakifichwa nyuma ya vyungu ili wasionekane na mwalimu wao, maana siku za soko walikuwa wakitoroka madrasa. Dada yake ndiye aliyekuwa akibuni uongo wa kumwambia mwalimu. "Uongo wake ulikuwa mzuri," akasema. "Mimi nilikuwa nacheka tu, ndipo tukishikwa." Halafu akawa anatazama mizizi ya mikoko kwa makini yasiyo ya mtalii.

"Maji yatoka," akasema.

Mimi sikuona kitu. Yeye alinionesha: mizizi ilikuwa imelowa juu ya maji, kiasi cha shubiri mbili.

"Yule mzee si alikwambia siku hii?"

"Aliitaja," nikasema.

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Tukaongeza kafi. Lakini sasa ilikuwa kama kupanda ngazi zinazoshuka. Mto ukawa mwembamba, kisha ukawa mfereji, na tulipoona diko la Jomvu, pale mitumbwi yao huegeshwa, mimi nikapiga kelele ya ushindi, na papo hapo mtumbwi ukatoa sauti ya mtu anayejikuna mgongo, ukasimama.

Baina yetu na diko palikuwa na umbali wa goli mpaka goli. Hapakuwa na maji. Palikuwa na tope tupu linalong'aa, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanatupungia. Rafiki yangu akasema atashuka asukume. Alishusha mguu mmoja, ukaingia mpaka pajani. Alipoutoa, ulitoka bila kiatu. Akatazama tundu likijifunga, kama mtu anayetazama gari likiondoka na begi lake.

"Ni cha shule," akasema.

Tukakaa. Saa tatu na nusu asubuhi. Mama hakunitukana, na hilo lilinitisha kuliko matusi.

Siri yetu ilidumu labda dakika kumi. Wanawake wawili waliokuja diko kutafuta kuku wao wakatuona. Mmoja akaondoka, wakarudi sita. Kisha wakaja na watoto, na mtu na kiti chake. Mtumbwi uliokwama na mwanamke wa rangi ya machungwa ndani yake si jambo la kila Jumapili. Na katikati yao akatokea mama mkubwa, miwani usoni, mkono kiunoni.

"Nani huyo?" akaita.

"Ni mimi," mama akajibu.

"Mimi nani?"

"Wanijua."

"Naona koti tu."

"Basi ni mimi, ndani ya koti."

Watu wa diko wakawa wanatugeukia sisi, kisha wao, kisha sisi.

"Waja wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Napita tu," mama akasema.

Mbele ya Jomvu pana mikoko, na baada ya mikoko pana mikoko mingine. Mtu mmoja pale diko akacheka, akanyamazishwa.

"Nani aliyekwambia upite bamvua? Hujui maji yatoka mpaka saa sita? Umesahau hata hayo huko mjini?"

Mama akanigeukia. Nikajua wakati umefika. "Mzee alisema twende maji mafu," nikanong'ona. "Nikadhani yana mafu. Maiti."

Mama akafunga macho. Rafiki yangu, ambaye mpaka hapo nilidhani ni rafiki, akasimama mtumbwini na kupaza sauti: "Asema alidhani maji mafu yana maiti, mama mkubwa."

Jomvu nzima ikacheka. Hata kaa waliingia mashimoni. Ikabidi nielezwe mbele ya kadamnasi, na mama mkubwa mwenyewe, kwa kupigiwa kelele juu ya tope, kwamba maji mafu ni yale yasiyo na nguvu, hayajai sana wala hayapwi sana, na siku zake saa nne asubuhi mtoto mchanga angefika diko akiwa amelala. Na kwamba bamvua ni maji yanayojaa kupita kiasi kisha yakaondoka yote, kama wageni wa harusi baada ya pilau. Alilisema hilo la wageni, kisha akasita. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Hebu nambie leo," akaita, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Nasafiri Jumanne ya wiki ijayo. Nambie kabla sijaenda. Ile leso. Ulisoma ama hukusoma?"

Mama alishika ukingo wa mtumbwi. Alitazama kulia, mikoko. Alitazama kushoto, mikoko. Nyumbani, swali kama hili lilipoulizwa, palikuwa na chumba cha kuingia, na simu ya kukata. Hapa palikuwa na tope pande nne na wasikilizaji thelathini, mmoja ameketi.

"Nilisoma," akasema.

Alisema polepole mno. "Wasemaje?" mama mkubwa akaita.

"Nilisoma," mama akapaza sauti. "Nilisoma, nikaichagua. Nikaona itakuchekesha."

Aliyeketi akasimama.

"Ulikuwa ukinitania hivyo zamani, kila siku," mama akaendelea, na sasa hakujali nani anasikia. "Nikasema na mimi nikutanie mara moja. Uliponipigia na kilio, niliona haya. Ndipo nikasema sikulisoma."

Miaka miwili nilikuwa nikidhani nyumba yetu ina mcheshi mmoja.

Mama mkubwa akashusha mkono kutoka kiunoni. Kisha akageuka akaondoka. Mama akakaa chini. Niliona mama mkubwa ameondoka moja kwa moja, na kwamba mimi ndiye niliyempandisha mama mtumbwini akavuke mto mzima ili ageuziwe mgongo mbele ya watu wa kwao.

Alirudi na sufuria kichwani, limefungwa kwa kitambaa. Hakusimama diko. Alikunja nguo mpaka magotini akaingia topeni, na mguu wake haukuzama kama wa rafiki yangu, maana alijua pa kukanyaga: hapa pana magamba ya chaza, hapa pana mzizi, hapa ruka. Alikuja kama mtu anayepita sebuleni kwake gizani. Akasimama pembeni ya mtumbwi, umbali wa mkono.

"Ungenambia nicheke," akasema, "ningecheka."

"Sasa nakwambia," mama akasema.

"Sasa nimechelewa. Shika, la motomoto hilo."

Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama akaitoa ile leso mpya kwenye plastiki, akampa kwa mikono miwili. Mama mkubwa akaikunjua kidogo, akajaribu kusoma. Miwani ilikuwa imerukiwa na tope.

"Nisomee weye," akanambia.

Nakiri nilipata majaribu. Doti ya leso mkononi mwangu, ndugu wawili wananitazama, na kichwa changu kimejaa maneno. Lakini nikalisoma kama lilivyoandikwa, neno kwa neno.

Wakatazamana.

"Huyu?" mama mkubwa akasema.

"Huyu simwamini hata akisoma kalenda," mama akasema. "Mpe mwenzake."

Rafiki yangu akasoma ile ile dua, kiatu kimoja, na akaaminiwa papo hapo.

Ndipo mama akavua lile jaketi, akashuka. Tope likamfika magotini. Alimshika dada yake bega ili asianguke, na baada ya kupata usawa hakuuondoa mkono. Walisimama hivyo wakila kwa sufuria moja, tope la Jomvu likiwavuta chini taratibu, na kila mmoja akimkemea mwenzake asimame vizuri.

Nikiwa nawatazama ndipo nilipogundua tundu la mpango wangu. Tungekuja maji mafu, kama mzee alivyosema, tungefika diko kwa heshima, saa nne, viatu viwili viwili. Na kutoka diko mpaka nyumba ya mama mkubwa kuna hatua hamsini za njia, njia hasa, ya kukanyagwa. Sikuifikiria hata kidogo. Mama angeshuka, angeitazama ile njia, angekumbuka wallahi yake, na tungegeuza mtumbwi. Tope, kwa upande wake, si njia wala si mlango. Sijamwambia mtu hili. Nimeliweka kwa siku nitakayolihitaji.

Maji yalirudi alasiri, kwanza vidole vidole baina ya mizizi, kisha yote kwa pamoja. Mama mkubwa ndiye aliyetusukuma. Hakukuwa na kulia. Kulikuwa na maagizo. Mama aambiwe dawa ya magoti. Mama mkubwa aambiwe asinyamaze Maskati akionewa na mkwe. Mpaka tulipoingia kona walikuwa bado wanaagizana, na mmoja hasikii ya mwengine.

Tulifika nyumbani jua linatua. Njia nzima ya Mji wa Kale watu walitugeukia, na mama akawaitikia salamu zao zote, na tope lake. Mlangoni nilikuwa tayari na utetezi wa sehemu tatu: kwamba mzee hakufafanua, kwamba shule haifundishi mwezi, na kwamba kiatu kilichopotea si cha kwetu. Mama alipita moja kwa moja mpaka uani, akaketi kwenye kibao, akanyoosha miguu. Nikamwagia maji. Tope la Jomvu halitoki kwa ndoo moja. Nilisimama mbele yake na ndoo tupu, nikingoja. Alisugua kifundo kimoja cha mguu, akasugua cha pili, hakuninyanyulia macho.

"Dada yangu amekonda," akasema. "Lete ndoo nyengine."